Sumukuvu, dawa na mafuta ya alizeti: maswali yenu kuhusu biashara na haki

Nanunua mahindi Kibaigwa na kuyapeleka Kenya. Machi 2021 walitufungia mpaka kwa madai ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Si walivunja haki zetu? (Mfanyabiashara, Kongwa)

Pole kwa hasara, ila jibu langu huenda likakuudhi. Sheria za Shirika la Biashara Duniani, WTO, zinaruhusu nchi kuzuia chakula chenye sumu, mradi zuio lina msingi wa kisayansi na si kisingizio cha kuwalinda wakulima wake. Na kipimo tulikikubali wenyewe Afrika Mashariki: sumukuvu isizidi sehemu 10 katika bilioni. Wenzetu walikuwa na haki ya kupima. Walipokosea ni kufungia mahindi ya nchi nzima badala ya kupima lori kwa lori. Baada ya siku chache walilegeza, wakataka cheti cha vipimo na cheti cha asili ya mzigo.

Kuna upande mwingine tusiopenda kuuzungumzia. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa hapa Dodoma na Manyara, kwa mahindi ambayo hayakuvuka mpaka wowote. Dalali akichoma gunia kwa bambo hutazama rangi na wadudu, hung'ata punje kujua kama imekauka. Sumu yenyewe haionekani wala haina ladha. Mlaji wa Chemba ana haki ya chakula salama kama wa Nairobi, tofauti ni kwamba wa Nairobi analindwa na mpaka. Ningekuwa na uwezo, kipimo cha mpakani Namanga kingefanyika Kibaigwa kabla gunia halijashonwa.

Ni kweli WTO ndiyo inayofanya dawa mpya ziwe ghali? (Muuza duka la dawa, Mpwapwa)

Nusu kweli. Mkataba wake wa haki za ubunifu, TRIPS, unadai hataza, yaani haki ya mvumbuzi kutoigwa bila ridhaa yake, zilindwe miaka 20, na mwenye hataza hujipangia bei. Lakini Novemba 2001, UKIMWI ukiwa unatumaliza na nchi za Afrika zikishinikiza, mawaziri wa nchi za WTO walitamka mkutanoni Doha kwamba mkataba huo haupaswi kuizuia nchi kulinda afya ya watu wake. Serikali inaweza kuruhusu kiwanda kingine kitengeneze dawa bila ridhaa ya mwenye hataza, naye akalipwa fidia. Isiyo na kiwanda inaweza kuagiza: Rwanda ilipata ARV kutoka Kanada kwa njia hiyo mwaka 2008, baada ya mlolongo mrefu wa makaratasi.

Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni, imesamehewa kulinda hataza za dawa hadi mwanzoni mwa 2033. Msamaha huo haujitekelezi. Lazima uandikwe kwenye sheria za nyumbani. Sheria yetu ya hataza ni ya 1987, WTO ikiwa bado haijazaliwa. Hilo ningemuuliza mbunge kabla ya kuilaumu Geneva, yaliko makao ya WTO.

Ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje ukishushwa, alizeti yetu inadoda. Ni amri ya WTO? (Mkulima, Singida)

Hapana. Kwa mazao ya kilimo tuliahidi WTO kutovuka ushuru wa asilimia 120. Bajeti ya 2018/19 iliweka asilimia 25 kwa mafuta ghafi na 35 kwa yaliyosafishwa, kwa hiyo nafasi ilikuwa tele. Viwango hupangwa na serikali pamoja na mawaziri wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukishuka, mama lishe wa mjini anapumua na wewe unakosa soko. Ukipanda, kinyume chake. Haki ya mlo na haki ya kipato zinagongana hapo, na wa kuamua yuko Dodoma, safari ya basi tu kutoka kwako.

Kwa nini mikataba ya biashara haitaji haki za binadamu? (Mwanafunzi, UDOM)

Inazigusa pembeni. Mkataba wa biashara wa 1947, GATT, ambao WTO iliurithi, unaruhusu kuzuia bidhaa ili kulinda maadili na uhai wa watu, na pia kuzuia zilizotengenezwa na wafungwa. Mwaka 1996, kwenye mkutano wa mawaziri wa WTO Singapore, viwango vya kazi viliachiwa Shirika la Kazi Duniani, ILO. Nchi nyingi zinazoendelea zilihofia haki zingegeuzwa fimbo ya kufungia masoko. Siwalaumu. Marekani ilipoiondoa Ethiopia kwenye AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, Januari 2022 kwa sababu ya ukiukaji wa haki za binadamu katika vita vya Tigray, walioumia ni pamoja na mabinti wa viwanda vya nguo vya Hawassa, ambao hawakumpiga mtu risasi.

Naweza kushtaki mwenyewe? (Msomaji, Dodoma mjini)

WTO huwezi, huko ni nchi kwa nchi, na tangu Desemba 2019 ngazi yake ya rufaa imekwama kwa kukosa majaji. Jaribu Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha: mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kupinga uamuzi wa serikali unaokiuka mkataba wa Jumuiya. Angalia muda tu, maana una miezi miwili tangu uamuzi utolewe au tangu uufahamu. Tunza barua ya zuio yenye tarehe na umwone wakili mapema.