Betri ya gari linalolala masika

SWALI: Gari langu la kubebea watalii hulala Njiro, Arusha, tangu Aprili hadi Juni. Kijana huliwasha dakika tano kila wiki, lakini betri inakufa tu. Nifanyeje?

JIBU: Acha kuliwasha hivyo. Starta hunyonya umeme mwingi, na dakika tano za sailensa (injini ikiunguruma gari likiwa limesimama) haziurudishi. Mlaji mwingine ni kengele ya wizi na redio: zikila miliampea 50 tu, kwa siku 60 zimemaliza ampea-saa 72, yaani betri nzima ya 70.

Chaji betri ijae, iache ipumzike usiku mmoja, kisha pima: iwe volti 12.6 au zaidi. Kisha itenge betri na gari: chomoa waya wa hasi kwanza, kwani spana ikiunganisha chanya na bodi, hulipuka cheche. Pima kila mwezi. Ikifika 12.4, ichaji kwa ampea 7, mahali penye hewa, mbali na moto. Usisubiri ishuke chini ya 12! Hapo salfeti (ukoko wa chumvi ya risasi) huganda kwenye pleti za ndani, na chaja haitaiondoa yote.

Betri ya vifuniko iongezwe maji safi ya betri (si asidi) pekee, kamwe si ya bomba. Madini yake huharibu pleti.