Simu kumi kwa jioni moja: maswali yenu kwa Shangazi

*Shikamoo Shangazi. Mke wangu akichelewa sokoni moyo hunienda mbio, napiga simu hata mara kumi. Juzi nilimzaba kofi. Si ni mapenzi haya? – Dereva wa bodaboda, Busia*

Marahaba mwanangu. Hapana, hiyo ni hofu ya kuachwa. Na elimu ya hofu hiyo ina mizizi hapa kwetu. Mwaka 1954 mtafiti Mary Ainsworth alikuja Uganda, akazitembelea familia 26 vijijini karibu na Kampala kutazama watoto wachanga na mama zao. Mtoto mwenye hakika na mama yake alitambaa kwenda kucheza, akarudi. Asiye na hakika alilia hata akiwa amebebwa. Watafiti waliofuata waliikuta hali hiyo hata kwa watu wazima wanaopendana. Wewe unalia kwa simu.

Lakini hofu haiinui mkono, unauinua wewe. Muombe mkeo radhi bila kutia "lakini". Akichelewa tena, piga mara moja, kisha simu iingie mfukoni. Akirudi mwambie, "Niliogopa." Najua, neno hilo ni zito kwa mwanamume kuliko gunia la mahindi.

*Mume wangu hanipigi. Hununa wiki nzima na kuninyima pesa ya chakula. – Mama wa watoto watatu, Arua*

Wako wanaume waliofunzwa tangu utotoni kwamba kulia ni aibu. Wakiumia hujifungia ndani kama kobe. Kununa kwake kunaeleweka. Pesa ya chakula, hapana. Sheria ya Uganda ya ukatili wa majumbani ya mwaka 2010 inahesabu pia mateso ya moyo na ya kiuchumi. Anza kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji chenu.

*Kaka yangu ana hasira za kuzaliwa nazo. Atapona? – Jinja*

Askari wa trafiki akimsimamisha, kaka yako humzaba kofi askari huyo? Basi hasira zake zinajua pa kwenda.

*Mama mkwe anasema asiyepiga hapendi. – Bi harusi, Kampala*

Hayuko peke yake. Katika utafiti wa kitaifa wa 2016, walioona ni sawa mke kupigwa kwa sababu kama kuunguza chakula au kubishana walikuwa wengi zaidi miongoni mwa wanawake kuliko wanaume. Hivyo mwanao wa kiume atayasikia hayo kwa bibi yake kabla hajayasikia kijiweni. Usibishane na mkweo. Zungumza na mumeo, aende yeye kumwambia mama yake kwamba anakupenda na hakupigi. Kwake litaingia.