Ndege wa Oktoba: anza na Kunduchi
Kama una marafiki wanaokuja Dar es Salaam Oktoba kuangalia ndege, wapeleke kwanza Kunduchi, pwani ya kaskazini mwa jiji. Vitwitwi na sululu, ndege wa ufukweni, wanakuwa wameshafika kutoka kaskazini. Wengi hukosea kwenda maji yamekupwa: ndege wako mbali huko kwenye tope, unaambulia kuona nukta tu. Fikeni masaa mawili kabla ya maji kujaa, yawasogeze ndege karibu nanyi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi alasiri, na huo ndio wakati mzuri kuliko wote, jua liko mgongoni. Asubuhi linawapiga machoni. Mtazameni sululu anavyochomeka ule mdomo uliopinda kwenye shimo na kumtoa kaa! Msitu wa Pugu, nje kidogo ya jiji, wekeni siku nyingine, alfajiri. Ikifika saa nne ndege wameshanyamaza.