Jibu: Dozi ya mofini ya baba imebadilishwa bila kuambiwa

Pole sana dada. Umeuliza kama ni utovu wa adabu kumhoji muuguzi aliyebadilisha dozi ya mofini ya baba, ile dawa kali ya maumivu, bila kukuambia. Si utovu wa adabu. Mhoji.

Mama yangu tulimuuguza nyumbani, Ngamiani hapa Tanga, saratani ikiwa imeshaenea. Chupa ya kwanza ya mofini ya maji ilikuwa na miligramu 5 katika mililita 5. Ya pili ilikuwa na miligramu 10 katika mililita zilezile 5, na aliyetukabidhi akasema tu, "Endeleeni kama kawaida." Nikampa kipimo kilekile cha mililita, kumbe dawa imekuwa mara mbili. Mama akalala kutwa nzima, pumzi za kuhesabu. Alizinduka, alhamdulillahi, lakini hasira ile ninayo mpaka leo.

Kila chupa mpya soma miligramu, si mililita peke yake. Saa za dawa ziandike daftarini. Hiyo ya maji kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Na dawa ya kulainisha choo je, amepewa? Mofini hufunga choo mno. Sisi hatukuambiwa, mama akateseka siku sita. Baba akiwa mgumu kuamka, usimpe dozi inayofuata kabla hujampigia daktari.