Kabla Hujakanyaga Hiyo Pedali

Wadogo zangu, Jumamosi nilikaa nyuma ya ukumbi nikawatazama mkifanya mazoezi ya orkestra. Nilicheka, kisha nikanuna. Onyesho ni mwezi ujao na mnarudia yaleyale yaliyotuaibisha sisi.

1. Vipokea sauti vya Bluetooth acheni nyumbani. Sauti inachelewa, vidole vimeshasonga mbele. Tumieni kebo.

2. Nota za kwenye kishikwambi sawa, ila karatasi ibebwe pia, na vibanio vya nguo. Aliyeniuliza vibanio vya nini wakati tuko ndani: feni za ule ukumbi unazijua, au umehamia Dodoma jana?

3. Kitufe cha kibodi cha kuhamisha ufunguo, yaani kupandisha au kushusha noti zote, kirudi sifuri. Najua mmelelewa na vinanda vya kwaya; mwalimu akisema "shusha kidogo" mnabonyeza mara mbili, maisha yanaendelea. Obo, chombo cha kupuliza, haina hicho kitufe.

4. Kadenza, pale orkestra inaponyamaza na mpigaji mmoja anajionyesha peke yake. Hapa nikae kidogo.

Niliwahi kupewa muvimenti, yaani sehemu, ya kwanza ya konseto ya Mozart ya piano na orkestra, ya C meja, namba K. 467. Aliimaliza mwaka 1785, na kadenza yake mwenyewe haikusalia, kwa hiyo kila mpigaji anaazima au anajitungia. Mimi, kichwa kikubwa, nikasema nitatunga palepale, tena kwa pedali ya lupu, ile inayorekodi unachopiga na kukirudiarudia, niliyokuwa nayo wiki moja tu.

Orkestra ikasimama kwenye kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya C yenye G chini, kondakta akashusha mikono, ukumbi kimya. Nikakanyaga, nikarekodi mapigo manane ya mkono wa kushoto kwa maiki iliyokuwa juu ya piano. Nikakanyaga tena irudie. Ikarudia vizuri kabisa, na mwishoni sauti nyembamba ya mtoto wa safu ya mbele: "Mama, mkojo!"

Wakati narekodi sikuisikia. Sasa kila baada ya mapigo manane, "Mama, mkojo!" Mara ya tatu watu wakaangua kicheko. Nikakanyaga nizime. Pedali ile ukiikanyaga mara moja haizimi, inarekodi juu ya kilichopo. Kuzima ni mara mbili harakaharaka. Kichwa kilijua, mguu haukujua. Tukawa na mkojo pamoja na vicheko, kisha vicheko juu ya vicheko. Nikahama ufunguo kama mtu anayekimbia deni, nikajikuta kwenye ufunguo wa A bemoli na njia ya kurudi C siioni. Wapiga fidla wameinua pinde wanasubiri trili juu ya D, yaani noti mbili jirani zikipishana harakaharaka, maana bila trili hakuna anayejua umemaliza. Mpiga selo ananitazama kama abiria anayemdai konda chenji. Fundi mitambo ndiye aliyenihurumia akaifunga ile laini kwenye mikisa. Nikatoa trili inayotetemeka, wakaingia nusu yao. Mtoto alikuwa ameshapelekwa na kurudishwa.

Basi: pedali ijue kwa mguu, gizani, ukiwa na viatu vya siku ile. Na kadenza iwe na njia ya kurudi unayoijua hata usingizini. Katikati jiachie utakavyo. Wazee wa zeze kule Chamwino wanazunguka na wimbo wapendavyo, na hujamwona hata mmoja akipotea. Mtunzi Bach naye, mwaka 1747 kwa mfalme Frederick kule Potsdam, Ujerumani, alijaribu piano mpya za fundi Silbermann, teknolojia ya wakati ule, akatunga papohapo fugi ya sauti tatu, yaani sauti zinazofukuzana kwa mada moja, kwa mada aliyopewa na mfalme. Alipoombwa sauti sita, kwa mada ile hakujaribu. Aliiandika baadaye nyumbani. Nyie wiki moja tu mnataka tabaka sita!

5. Umeme. Jenereta likishaanza kunguruma, kibodi imeshazimika zamani. Betri ya akiba.

6. Kijana wa piano, Jumamosi ulikanyaga mara moja ukadhani umezima. Nilikuona.

Mazoezi Alhamisi saa kumi. Na aliyeazima adapta yangu airudishe.