Kuhamisha leseni ya ushauri nasaha kutoka Minnesota kwenda Texas: yaliyonikuta

Dada, umeuliza kama leseni yako ya Minnesota itakutosha ukihamia Houston na mumeo mwezi wa kwanza. Haitakutosha. Pole, lakini afadhali ulijue sasa kuliko mizigo ikiwa imeshapakiwa. Nilipita njia hiyohiyo, nami nilidhani kwa kuwa nimeshafaulu mtihani wa taifa, kilichobaki ni kubadilisha anwani.

Huku Marekani kazi yetu haina leseni ya nchi nzima. Kila jimbo lina bodi yake, masharti yake, hata jina lake la cheo cha mshauri mwenye leseni: Minnesota wewe ni LPCC, Texas utakuwa LPC, ungeenda New York wangekuita LMHC. Matokeo ya mtihani yanakufuata, yanatumwa tu kwa bodi mpya. Leseni unaiomba upya. Texas utafanya na mtihani mfupi wa sheria za jimbo, unaufanyia nyumbani kwenye kompyuta. Utapigwa alama za vidole, na bodi ya Minnesota itathibitisha kwamba huna kesi wala adhabu. Hayo yote ni usumbufu tu, hayakushindi.

Kilichonitesa ni saa za usimamizi, yaani saa za kazi ulizofanya chini ya msimamizi. Minnesota walinitaka saa 4,000. Texas wanataka 3,000, na angalau 1,500 kati ya hizo uwe umekaa na wateja wenyewe. Kwa hesabu nilikuwa nazo na za kubaki. Lakini leseni yangu ilikuwa na miezi 14 tu. Majimbo mengi huwapa nafuu wenye leseni ya miaka mingi isiyo na doa, mimi sikuwamo, kwa hiyo kila saa ilihitaji saini ya aliyenisimamia.

Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa ameshastaafu na kuhama mji. Kule nilikofanyia kazi hakuna aliyejua faili langu liko wapi. Ilinichukua wiki sita kumpata, tena kupitia kwa binti yake, nikapanda ndege kumfuata na fomu mkononi. Mzee yule alivaa miwani, akatoa daftari lake la zamani. Kila Jumanne kulikuwa na jina langu na idadi ya saa. Alijumlisha kwa penseli pembeni mwa ukurasa, taratibu, huku mimi nimebana pumzi. Jumla yake ilipungua yangu kwa saa 11. Niliandika ya kwake, akasaini.

Kwa hiyo, dada, kabla hujafanya lolote lingine, wiki hii nenda kwa kila aliyekusimamia, pakua fomu ya Texas, asaini angali yupo na anakumbuka. Hata kama leseni yako ni ya zamani, saini hizo zitunze.

Kuhusu kuendelea na wateja wako kwa video: sheria hutazama mteja amekaa jimbo gani saa ile mnapoongea. Wa Minnesota wanahitaji leseni ya Minnesota, kwa hiyo usiiache ife, lipia kila inapofika muda. Ila kuna majimbo yanayotazama na wewe umekaa wapi. Ziandikie bodi zote mbili barua pepe, uulize waziwazi, na usimwone mtu mpaka upate jibu la maandishi. Mimi nilisimamisha vikao kusubiri. Nilikuwa na mama mmoja kutoka Kivu, mwaka mzima tunaongea Kiswahili, hatuhitaji mkalimani. Nilipomwambia atapokelewa na mtu mwingine, akasema, "Sasa nianze tena mwanzo?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo naumia, kwa sababu ningeanza maombi miezi sita kabla, asingeulizwa upya habari za safari yake kupitia simu ya mkalimani.

Umetaja ule mkataba wa majimbo, unaomruhusu mshauri mwenye leseni ya jimbo moja kuhudumia wateja wa majimbo mengine yaliyojiunga. Upo kweli, na wanasaikolojia wana wa kwao, PSYPACT, unaofanya kazi tangu 2020. Lakini ruhusa ya mkataba inaning'inia kwenye leseni ya jimbo unaloishi. Mkataba humsaidia zaidi anayekaa kwake na kuhudumia walio mbali. Ukishahama, makao yako ni mapya, na leseni ya huko utaihitaji. Angalia pia kama majimbo yote mawili yamo, na kama yameshaanza kutoa ruhusa, maana kupitisha sheria na kufungua dirisha la maombi ni mambo mawili.

Mdogo wako mwenye shahada ya uzamili ya Nairobi ana kazi kubwa zaidi. Leseni ya Kenya haibadilishwi kwa ya huku. Masomo yake yatapimwa somo kwa somo, na Texas wanataka shahada ya uzamili yenye krediti 60 pamoja na mafunzo ya vitendo ya saa 300. Akipungukiwa, atasoma yaliyopungua. Aombe chuo silabasi za kila somo mapema, asitegemee orodha ya alama peke yake. Kama alisomea ustawi wa jamii, shahada yake inapimwa na CSWE, baraza la elimu ya ustawi wa jamii la huku.

Jambo la mwisho: leseni ikitoka, kampuni za bima nazo zina usajili wao kabla hazijakulipa kwa wateja wao, na kwangu ulikula miezi mitatu mingine bila mshahara wa maana. Wekeni akiba.

Niambie leseni yako ina umri gani na wasimamizi wako wako wapi. Fomu ya saa ninayo, nitakuonyesha nilivyoijaza.