Maswali Yenu kwa Anti: Kaingia dukani na bastola kiunoni, nikimbie au ninunue maziwa yangu?

Wiki hii meseji nyingi zimetoka Marekani na tatu zinaongelea kitu kimoja, nimeona niziweke pamoja. Na wale wa "Anti mambo ya bunduki yanakuhusu nini", nimekaa Texas, yananihusu.

SWALI: Anti habari za kazi. Naishi Houston huku upande wa Alief, tumekuja na mume wangu kwa grinkadi, tuna watoto wawili. Juzi nipo supermaketi na mdogo, nageuka pale kwenye maziwa namuona baba mmoja kavaa kaptula na ndala na bastola iko kiunoni nje nje, na yeye wala hana habari anachagua mayai. Miguu iliisha nguvu Anti, nikaacha toroli palepale nikambeba mtoto nikatoka. Nimefika nyumbani mume wangu kacheka mpaka basi, anasema sheria inaruhusu na mimi ndo mshamba, na eti anayeionesha ndo mtu salama maana mwizi huwa anaficha. Sasa kanogewa na yeye anataka kununua ya kwake avae hivohivo. Mwenye tatizo ni mimi? Na ningeweza kumwambia meneja? — Mama Wawili, Houston

JIBU: Mama Wawili pole, na mshamba sio wewe. Tuanze na mumeo maana kuna kitu kasema kweli na kuna kitu kajazia mwenyewe.

Kisheria yuko sawa. Texas kuanzia Septemba 1, 2021 mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye hajazuiwa kumiliki silaha anaweza kuvaa bastola hadharani bila leseni, sharti tu ikae kwenye mfuko maalumu wa bastola, wenyewe wanauita holster. Bunduki ndefu ndo kabisa, hizo hata kabla ya hapo zilikuwa hazidai leseni. Ila akikwambia ndo Texas ilivyo tangu enzi za makauboi mkatalie, maana makauboi wenyewe walibanwa, kuna sheria ya 1871 iliyokataza watu kutembea na bastola na ikadumu zaidi ya miaka mia moja, wakaja kulegeza 1995 kwa leseni na lazima uifiche, halafu Januari 1, 2016 ndo wenye leseni wakaruhusiwa kuiacha nje ionekane. Kwaiyo jirani yako Mtexas mwenye miaka hamsini amekua kwenye jimbo ambalo raia kuonesha bastola ilikuwa kosa. Na hiyo ya 2021 kuna wakuu wa polisi wa hukohuko Texas waliipinga, na hao sio watu wa kuogopa bunduki.

Sasa hofu yako. Ukiwa Dar unapita mbele ya benki mlinzi kakaa na shotigani mapajani na wewe unaingia kutoa hela yako bila kusita, askari mwenye SMG unamsalimia na kumuuliza njia. Bunduki umeziona tangu utoto. Tofauti ni kwamba mlinzi ana gwanda, ana kampuni, ana lindo lake, yaani vyote hivo vinakueleza kwanini ana silaha kabla hujajiuliza. Huyu baba wa ndala hana kinachokueleza chochote. Huenda ni askari yuko ofu, huenda kapewa talaka asubuhi hiyo, wewe utajuaje. Mumeo anasema anayeionesha ni salama, sawa, wengi wao kweli hawana neno na mtu, lakini kuionesha hakumwambii mtu anayekuangalia nia yako ni ipi. Agosti 3, 2019 pale supermaketi ya Walmart mjini El Paso, hukohuko Texas, mtu mmoja alipiga watu risasi, 23 wakapoteza maisha, na yule muuaji alipokuwa anatembea kwenye paking na bunduki ndefu mkononi, kabla hajafyatua, kwa sheria za Texas kutembea nayo tu halikuwa kosa. Ukiwa na mtoto mkononi huna muda wa kufanya uchambuzi, unaondoka. Ulifanya sawa.

Wenye mtazamo wa mumeo nao wana hoja, sitawadharau. Desemba 2019 kanisani White Settlement karibu na Fort Worth mtu alifyatua risasi ibadani akaua wawili, na muumini wa timu ya ulinzi ya kanisa akamuangusha ndani ya sekunde chache. Hiyo inatajwa kila siku na ni kweli ilitokea. Ila hoja hapo ni kuwa na silaha, na kuianika kiunoni mbele ya friji la maziwa ni jambo jingine, wengi wa wale wanaojua kweli kazi ya ulinzi wanapenda isionekane, kwanza asikuwahi mtu akaichomoa yeye.

Meneja mwambie, tena bila aibu. Duka ni mali ya mtu na mwenye mali ana haki ya kukataa. Baada ya El Paso, Septemba 2019 Walmart waliwaomba wateja wasije na silaha za kuonekana, Kroger nao wakaomba hivohivo, maduka ya H-E-B kwao walishakataa tangu hiyo sheria ya 2016 inaanza. Angalia mlangoni, kuna bango limeandikwa 30.07, ni namba ya kifungu, maandishi makubwa Kiingereza na Kihispania, maana yake hata mwenye leseni hapa haingii na bastola ya kuonekana. Ukiona duka lina hilo bango na mtu kapita nayo, meneja ndo mtu wako. Kama hakuna bango na hawana sera, nenda duka jingine na hela yako, wanasikiaga hela hao.

Ila 911, namba ya dharura ya kuita polisi, usiikimbilie kwa sababu tu mtu kavaa. Piga kama kaishika mkononi, anatishia watu, anafokafoka, anamfuata mtu. Na ukipiga sema ulichokiona tu, usiongezee chumvi, kwa sababu Agosti 2014 kwenye Walmart ya Beavercreek, Ohio, kijana mweusi alishika bunduki ya gololi aliyoitoa rafu ya dukani humohumo, mteja akapiga 911 akasema anawaelekezea watu, polisi wakaja wakamuua. Na Ohio ni jimbo ambalo kubeba bunduki wazi ni ruksa.

Ndo maana hapa nakuja kwa shemeji yangu huyo anayetaka ya kwake. Kaka, kwa grinkadi unaruhusiwa kununua, sibishi. Lakini bastola kiunoni kwa yule baba wa mayai na bastola kiunoni kwako watu hawatazitazama kwa jicho moja, we unajua na mi najua. Julai 2016 Minnesota, Philando Castile alisimamishwa barabarani, alikuwa na kibali halali, akamwambia askari kwa adabu kabisa kwamba ana silaha, akapigwa risasi mbele ya mpenzi wake na mtoto mdogo, na yule askari mahakama ikamwachia. Siku iliyofuata Dallas mtu mmoja akapiga polisi risasi kwenye maandamano, na polisi wakasambaza picha ya mwandamanaji mweusi aliyekuwa kabeba bunduki yake waziwazi kihalali, kwamba ndo mshukiwa, kumbe hakuhusika kabisa. Ukitaka ulinzi wa nyumbani, nunua sefu kwanza, kapate mafunzo, na ukae na mkeo mkubaliane, maana ndani mna watoto wawili. Ya kutembea nayo inaonekana, ushauri wangu ni acha. Na ujue kosa la silaha kwa mwenye grinkadi linaweza kukurudisha airport na begi, raia wa hapo hilo halimhusu.

SWALI: Anti mambo, niko chuo Texas kwa viza ya mwanafunzi, washkaji wote wana bastola na wikiendi tunaenda reinji, kule kwenye kulenga shabaha. Nataka niwe nayo moja, gari langu wamelivunja kioo. Si wamesema leseni haihitajiki siku hizi? — Mwana wa Mwanza

JIBU: Hapana. Hapana tena. Hiyo "leseni haihitajiki" ni ya jimbo, na wewe unabanwa na sheria ya nchi nzima. Mwenye viza ya muda, na ya mwanafunzi ni mojawapo, haruhusiwi kumiliki wala kukaa na bunduki au hata risasi, kuna vipengele vichache vya kukuchomoa kama kuwa na leseni ya uwindaji, na hivyo ukaviongelee na wakili, usivisikie kwa washkaji. Adhabu ni hadi miaka 15 jela. Na hiyo reinji nayo simama kwanza. Kuna kijana wa Falme za Kiarabu alikuwa chuo Florida, akafeli akafukuzwa chuo, hadhi ya viza ikafa, akaenda reinji akakodi bunduki akalenga shabaha zake, akashtakiwa na kutiwa hatiani. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani ambayo 2019 ilisema serikali lazima ithibitishe alijua kwamba yupo nchini bila kibali, lakini mpaka ifike huko mwenzio kashasota. Chuoni ndo kabisa, vyuo vya umma vya Texas vinaruhusu wenye leseni tu na lazima ifichwe. Kioo cha gari weka bima.

SWALI: Mwanangu, hujambo. Mimi ni bibi wa Tanga, mwezi ujao naenda Dallas kumuuguza binti yangu uzazi. Wajukuu wamenionesha kwenye simu watu wanatembea na bunduki huko kama fimbo. Nikimuona mmoja nifanyeje?

JIBU: Shikamoo mama, na hongera ya mjukuu. Kwanza nikutoe wasiwasi, unaweza ukamaliza safari yako usimuone hata mmoja, hizo video zinachagua. Ukimuona usimkodolee macho wala usimuulize kitu, endelea na zako taratibu, na kama moyo haujatulia mwambie binti muondoke, hamna atakayewauliza. Mkisimamishwa na trafiki mkiwa kwenye gari, mikono yako iache mapajani ionekane, pochi usiiguse mpaka askari aseme, najua sisi tukimuona askari mkono unaenda kwenye pochi wenyewe. Na ukialikwa kwa majirani wa binti na mtoto, mwambie binti awaulize kama wana bunduki ndani na wanaifungia wapi. Kuuliza hivyo wala sio kumkosea mtu adabu.